UZI: Kabla hujauza kijiko cha bibi, kigeuze mgongo. Fedha ya Marekani (ile metali, si hela), vijiko vya ukumbusho na mchawi wa Salem

#1 SonaraWaMbali (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku huu. Mwenye haraka apite, uzi ni mrefu na nitauandika kwa vipande kwa sababu natumia simu.

Mimi mtoto wa Tanga, nipo Massachusetts mwaka wa tisa sasa. Kibarua changu ni kuhamisha vitu kwenye nyumba za wazee waliofariki au waliopelekwa makao ya wazee. Huku marehemu akiacha nyumba imejaa na watoto wako majimbo ya mbali, mlango unafunguliwa siku mbili tatu, kila kitu kinabandikwa bei, watu wanapita vyumbani wakichagua. Kinachobaki siku ya mwisho kinatupwa kwenye maboksi na kuuzwa kwa fungu, kama samaki wa jioni pale Deep Sea.

Ndivyo nilivyopata boksi la vijiko na uma kwa dola 15. Vingi ni vya kawaida tu, vya kulia maharage. Chini kabisa kulikuwa na kijiko kidogo cheusi tii, utadhani kimeishi jikoni kwa kuni. Nikakifuta kwa shati. Kwenye mpini akatokea bibi kizee mwenye kofia iliyochongoka, kashika ufagio, na hapo hapo pini tatu na neno SALEM. Nikakigeuza mgongo, nikakuta STERLING.

Nikakipeleka duka moja la rehani. Jamaa hata miwani hakuvaa. Akakirusha kwenye mzani, akanitajia bei ya fedha ya kuyeyusha, halafu akaongeza dola moja, eti "ya huyo bibi". Sikuuza. Nikaanza kuwasumbua wazee wanaokusanya vitu hivi, nikashinda maktaba Jumamosi kadhaa, na matokeo yake ndiyo huu uzi.

Tuanze na hilo neno la mgongoni. Sterling maana yake katika sehemu 1000, 925 ni fedha. Zilizobaki 75 kwa kawaida ni shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno, ukikorogea ugali wa mtoto inapinda. Sasa Uingereza kulikuwa na ofisi za kupima fedha na kuipiga muhuri tangu enzi na enzi. Marekani hawakuwa na mfumo huo wa nchi nzima. Sonara wa Boston au Philadelphia alipiga jina lake, basi, nawe umwamini. Paul Revere, yule wanayemsimulia watoto kwamba alipanda farasi usiku mwaka 1775 kuwapa wenzake taarifa kuwa askari wa Mwingereza wanakuja, kazi iliyomlisha ilikuwa usonara. Alifua vijiko.

Na fedha yenyewe ilitoka wapi? Mara nyingi kwenye sarafu. Mteja anakuja na sarafu zake, zinayeyushwa, anaondoka na vijiko. Ndiyo maana vijiko vingi vya kabla ya miaka ya 1860 vimepigwa neno COIN, yaani fedha ya kiwango cha sarafu, 900 kwa 1000. Tiffany wa New York walihamia kiwango cha sterling mwaka 1851, Gorham wa Providence mwaka 1868, na wengine wakafuata. Sheria ya nchi nzima ya kumbana anayepiga STERLING kwenye kitu kisichofikia kiwango ilikuja 1906. Kabla ya hapo ilikuwa aibu ya mtu na dini yake.

Kwa hiyo kijiko kina pande mbili. Mbele ni maneno ya muuzaji. Mgongoni ndiko anakotoa ushahidi.

Ngoja nile, narudi na kisa cha mchawi.

#2 Kiberiti01

Siti ya mbele nimeshakaa, kahawa na kashata mkononi. Ila bila picha hii ni chai, tena ya rangi.

#3 SonaraWaMbali

Picha kesho nikifika kwenye kompyuta, usiwe na presha.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1889 sonara wa mji mkuu Washington, duka la Galt, alitoa kijiko chenye sura ya George Washington. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kijiko cha kwanza cha ukumbusho kutengenezwa Marekani. Kikauzika, lakini kwa adabu, maana rais ni rais.

Aliyewasha moto ni Daniel Low, mwenye duka la vito mjini Salem, kaskazini kidogo ya Boston. Alikwenda Ujerumani kutembea akaona kila mji unauza kijiko chake kwa wageni. Akarudi akajiuliza, mji wangu unajulikana kwa nini? Jibu hakulitafuta mbali. Mwaka 1692 Salem waliwashtaki watu kwa uchawi, wakanyonga 19, wengi wao wanawake, na mzee mmoja, Giles Corey, wakamkandamiza kwa mawe mpaka akafa kwa sababu aligoma kujibu mashtaka. Hizo pini tatu kwenye mpini ni zile zilizodaiwa kutumiwa na washtakiwa kuwachoma watu kwa uchawi.

Kati ya 1890 na 1891 kijiko cha mchawi kikaingia dukani. Kilitengenezwa na kiwanda cha Durgin huko Concord, New Hampshire. Low alikuwa fundi wa matangazo na alikuwa anauza kwa posta nchi nzima, basi kijiko kikapaa. Baadaye akatoa cha pili chenye paka, mwezi mwandamo, kamba na ufagio. Kufikia mwishoni mwa 1891 kila mji wenye maporomoko, daraja au kaburi la mtu maarufu ulikuwa na kijiko chake.

#4 Kiberiti01

Kwa hiyo wa kwao wanapanda ufagio, wa kwetu ungo. Wa kwetu wameendelea, ungo unabeba abiria 😂😂

#5 Mwana_wa_Kagongwa

Kiberiti cheka, ila mimi hapa nimenyamaza kidogo. Mimi ni wa Shinyanga. Kwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa sababu maisha yao yote wamepikia kinyesi cha ng'ombe kwenye nyumba isiyo na dirisha. Sasa mtu aje baada ya miaka 200 atengeneze kijiko chenye sura ya bibi yule, auzie watalii wakorogee kahawa?

Mleta mada hebu jibu hilo. Watu wa Salem hawakuona haya?

#6 SonaraWaMbali

Mkuu umenigusa. Nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu. Jengo lililokuwa duka la Low bado lipo katikati ya Salem, la mawe na matofali, leo chini kuna mgahawa. Kabla ya kuwa duka lilikuwa kanisa, na uwanja huo ndio wa kanisa la kwanza la mji ule tangu miaka ya 1630. Ushirika huo ndio uliomfukuza Rebecca Nurse Julai 1692. Bibi wa miaka 71, mcha Mungu, mgonjwa, asiyesikia vizuri. Wakamtenga na kanisa, na tarehe 19 mwezi huo huo wakamnyonga.

Halafu miaka mia mbili baadaye, uwanja ule ule, kabati la kioo, na vijiko vimepangwa.

Kuona haya? Sioni dalili. Leo gari za polisi za Salem zina picha ya mchawi juu ya ufagio. Oktoba huwezi kupata pa kuegesha gari. Kwa maoni yangu kijiko kile ndicho kilichowafundisha kwamba msiba wa kale unauzika, mradi uuvalishe kofia.

#7 Mzee wa Mkunazini

Assalaam alaykum. Nimesoma nikacheka peke yangu, maana nyinyi vijana mnaitaja Salem kama mji wa mwezini. Salem si mgeni kwetu Unguja hata kidogo.

Hilo neno merikani, yaani kitambaa cheupe kigumu walichovaa babu zenu na kulipia ushuru njia nzima mpaka Ujiji, limetoka wapi? Ni nguo ya Marekani, na majahazi ya kwanza kuileta kwa wingi yalikuwa ya wafanyabiashara wa Salem. Seyyid Said alitiliana mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na balozi mdogo wao wa kwanza hapa, Richard Waters, aliyeanza kazi 1837, alikuwa mtu wa Salem huyo huyo. Wakileta merikani, wakichukua pembe, ngozi na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti. Sandarusi yetu ilikuwa inasafishwa Salem kwenye kiwanda, halafu inakwenda kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi.

Kwa hiyo mwanangu, wakati mji ule unatafuta cha kuweka kwenye kijiko, wangeweza kuweka jahazi, wakaweka pembe ya ndovu. Jahazi ndilo lililowatajirisha. Wakamweka mchawi.

#8 SonaraWaMbali

Shikamoo mzee wangu. Hili umenipiga nalo vizuri, na sina ubishi. Pale Salem kuna makumbusho makubwa yaliyoanza kama chama cha manahodha mwaka 1799, na vitu vya Zanzibar vimo ndani. Nimesimama mbele yake na kijiko mfukoni na sikuunganisha.

Ngoja nami nikuongezee. Jimbo la jirani la Connecticut ndilo lilikuwa jiko la vyombo vya fedha vya Marekani. Mji wa Meriden waliuita Mji wa Fedha. Na jimbo hilo hilo, mwendo wa nusu saa na kidogo kwa gari, kuna kijiji kinaitwa Ivoryton, mji wa pembe, na jirani yake Deep River. Hapo ndipo pembe zilizopita Unguja zilipokatwa kuwa vibao vya piano. Na ukishika birika la chai la fedha la karne ile, angalia mkono wake. Utaona vipete viwili vyeupe pale mkono unapoungana na birika. Ni pembe. Fedha inapitisha joto kupita metali zote, bila kile kipande cha pembe mkono ungekuunguza. Wakusanyaji wengi hapa wanajua jina la kiwanda, tarehe na uzito. Hicho kipete kimetoka wapi, hawaulizi.

#9 Mzee wa Mkunazini

Wa alaykum salaam, marahaba. Waulize wewe.

#10 FundiKisauni

Hujambo ndugu mleta mada. Mimi ni sonara hapa Mombasa, baba sonara, babu sonara. Babu alikuwa akiyeyusha sarafu za reale za Maria Theresa, zile zilizoandikwa 1780 zote hata kama zimetoka kiwandani juzi, anafulia mitali na vikuku. Fedha ya reale si nzuri sana, 833 tu, lakini ndiyo iliyokuwepo.

Swali langu ni la kazi. Hivyo vijiko wanafua au wanasubu, yaani wanamimina fedha ikiwa imeyeyuka? Kwa sababu maelezo unayoyataja, kofia, pini, herufi, kwa mkono ni wiki nzima na macho yanakwisha.

#11 SonaraWaMbali

Fundi, umeuliza swali zuri kuliko yote. Si kufua kwa mkono na si kusubu. Ni kupiga kalibu.

Bapa la fedha linakatwa vipande vyenye umbo la kijiko butu. Kipande kinapitishwa kwenye rola, upande wa kuchotea unapanuliwa na mpini unabaki mnene. Kinachomwa kidogo kilainike. Halafu kinawekwa katikati ya kalibu mbili za feleji, ya juu na ya chini, zimechongwa kinyume. Nyundo nzito inanyanyuliwa na mkanda wa mashine na kuachiwa. Pigo moja au mawili, bibi wa Salem katoka na ufagio wake. Kinachofuata ni kukata mabaki ya pembeni, kulikunja bakuli lake, yaani pale pa kuchotea, kusugua na kung'arisha.

Kazi ya wiki nzima unayoisema ipo, ila anaifanya mchonga kalibu, mara moja. Yeye ndiye fundi hasa, na jina lake halimo mgongoni. Mgongoni kuna jina la kiwanda.

Na hapa kuna ujanja wa biashara. Kalibu ni ghali, mji mdogo hauwezi kuagiza yake. Basi viwanda, hasa vya Attleboro na North Attleboro hapa Massachusetts, vilitengeneza mipini ya jumla. Mpini wenye mahindi na mkulima unauzwa jimbo zima. Sonara wa mji anaagiza dazeni kadhaa, anachora kwa mkono ndani ya bakuli jengo la mahakama la kwao au shule yao. Ndiyo maana utakuta miji mitano ina kijiko kimoja, tofauti ni mchoro wa ndani. Mimi hivyo vya mchoro wa mkono ndivyo ninavyovipenda. Mistari imepinda, mti umekuwa mkubwa kuliko kanisa. Unaona kabisa mtu alikaa na kalamu yake ya chuma mchana mmoja akimaliza dazeni.

#12 FundiKisauni

Nimekuelewa. Hata mimi nikipewa dazeni, la kumi na mbili mti unakuwa mkubwa kuliko msikiti.

#13 Mchumi_Mstaafu

Nina swali la nje kidogo. Kwa nini 1890 hasa? Vijiko vya fedha vilikuwepo miaka mingi.

#14 SonaraWaMbali

Mkuu sababu ni nyingi ila mojawapo iko kwenye uwanja wako. Mwaka 1859 Nevada ilipatikana fedha nyingi ajabu, mgodi wa Comstock, na baada yake migodi mingine ya Magharibi. Fedha ikazagaa. Wenye migodi wakaibana serikali iinunue, na mwaka 1890 ikapita sheria ya serikali kununua aunsi milioni 4.5 kila mwezi. Haikusaidia. Mwaka 1893 uchumi ukaanguka, sheria ikafutwa, na aunsi iliyokuwa inapita dola moja mwaka 1890 ikawa senti sitini na kitu mwaka 1894.

Kwa mwenye kiwanda hiyo ilikuwa neema. Mwalimu wa shule au karani akawa anaweza kununua kitu cha fedha kweli, chenye uzito wa gramu ishirini na kitu, akarudi nacho kwenye begi. Na treni zilikuwa zimeshafika kila mahali, watu wanasafiri.

#15 Mchumi_Mstaafu

Ahsante. Nikukumbushe tu kwamba mwaka huo huo, Juni 1893, India walifunga viwanda vyao vya sarafu, mtu binafsi asilete tena fedha yake ipigwe rupia. Na rupia ndiyo ilikuwa hela ya Unguja na pwani. Kwa hiyo kuporomoka kule kulifika mpaka mezani kwa babu yake Fundi.

#16 Dada_wa_Ilala

Jamani mimi natamani kusikia habari za yale maonyesho makubwa ya Chicago 1893, maana nimeona vijiko vyake vingi mtandaoni.

#17 SonaraWaMbali

Dada, hayo yalikuwa maonyesho ya kutimiza miaka 400 tangu Columbus afike kule. Yalifunguliwa Mei mpaka Oktoba 1893, na watu walioingia wanahesabiwa zaidi ya milioni 27. Columbus kwenye mpini, jengo la maonyesho ndani ya bakuli. Lakini shika hapa: vingi vya hivyo ni vya kuchovya, yaani ndani metali nyingine na juu fedha nyembamba, si sterling. Ukivikuta vinauzwa bei ya kutisha, kimbia. Ni vingi kama vikombe vya mwenge.

Sasa nije kwenye kipande ambacho nimekuwa nakizunguka tangu jana.

Ndani ya boksi lile kulikuwa na kingine. Mpini una kichwa cha Mzawa wa Marekani mwenye manyoya kichwani, kazi safi kabisa, kila unyoya unauona. Aina hiyo ilikuwa maarufu kupita kiasi miaka ya 1890. Desemba 1890, wakati Salem wanaanza kuuza mchawi wao, jeshi la Marekani liliua mamia ya Walakota pale Wounded Knee, pamoja na wanawake na watoto. Watu wanafukuzwa kwenye ardhi yao huku sura zao zinapigwa kalibu.

Na wiki iliyopita, kwenye nyumba nyingine, nimekutana na cha tatu. Mtoto mweusi, midomo imekuzwa, macho yametolewa, anakula tikiti maji. Mgongoni STERLING. Vilikuwa vinauzwa miji ya Kusini kwa watalii, vikiitwa vya kuchekesha. Nimekaa na hicho kijiko mezani siku nne. Sijui nikifanye nini.

#18 Kiberiti01

Yeyusha. Leo. Tengeneza pete.

#19 Mwana_wa_Kagongwa

Naunga mkono. Sterling ni sterling, moto hauchagui.

#20 Dada_wa_Ilala

Mimi napinga. Mkiyeyusha, kesho watasema haikutokea. Ushahidi hauchomwi, na mleta mada ndiye aliyesema mgongoni kuna ushahidi. Hapa mbele na nyuma vyote ni ushahidi.

#21 Mpita_Njia_DC

Wakuu naishi jirani na Washington. Kwenye makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani Weusi, yale yaliyofunguliwa 2016, vitu vya dharau vya namna hiyo vimo. Vimewekwa pamoja na maelezo yake, hakuna anayecheka.

Ila niwape na upande wa pili, maana tusiishie kwenye tikiti. Ulizeni habari za Peter Bentzon. Alizaliwa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Denmark, mnamo 1783, mama yake mwanamke huru wa damu mchanganyiko. Akasomea usonara, akafungua karakana St. Croix na akafanya kazi Philadelphia pia, nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mpaka leo ndiye sonara wa mwanzo mwenye asili ya Afrika huko Marekani ambaye chapa yake inatambulika kwenye kazi zake. Weusi waliofua fedha walikuwa wengi, wengine watumwa kwenye karakana za Charleston, lakini chapa iliyopigwa ilikuwa ya bwana. Yeye alipiga P. BENTZON. Vijiko vyake vichache vipo.

#22 FundiKisauni

Hapo umenisisimua. Babu yangu hakupiga jina popote. Mtu akiokota kikuku chake leo atasema "kazi ya pwani", basi.

#23 SonaraWaMbali

Mpita Njia, ahsante sana. Nilikuwa nalijua jina, hii ya chapa ya bwana sikuwa nimeitafakari. Kijiko cha tikiti nimekifunga kwenye kitambaa na karatasi yenye maelezo ya nyumba na tarehe niliyokipata. Nitaandikia makumbusho. Wasipokitaka nitajua la kufanya, Kiberiti usiniharakishe.

Kuna mtu kaniuliza kwenye ujumbe wa faragha kama viwanda vyenyewe vipo. Kwa ufupi: Reed & Barton wa Taunton, walioanza 1824, walifilisika 2015. Gorham jina lipo, limeuzwa na kuuzwa tena, kiwanda kikubwa cha Providence kimebomolewa. Udongo wake ulikutwa na madini ya risasi na kemikali za kusafishia metali, bwawa la jirani lina mabango ya kuzuia watu kula samaki, na juu ya sehemu ya eneo lile ikajengwa shule ya sekondari, wazazi wakapiga kelele sana. Hayo nayo ni ya mgongoni.

Na kilichomaliza vijiko vingi si kutu wala wezi. Ni bei. Kati ya 1979 na Januari 1980 ndugu wawili matajiri wa Texas, akina Hunt, walikusanya fedha mpaka aunsi ikatoka dola kama 6 ikakaribia 50. Watu walipanga foleni na masanduku ya vyombo vya harusi vya mama zao, vikaingia tanuruni kwa kilo. Machi 27 bei ikaporomoka, Alhamisi, wanaikumbuka mpaka leo. Vyombo havikurudi.

#24 Mama_Sakina

Nimechelewa, samahanini. Hicho cheusi si ukisugue na majivu na ndimu? Kinang'aa kama kioo.

#25 SonaraWaMbali

Mama yangu usithubutu! 😂 Majivu yanakwangua. Herufi za mgongoni zikifutika, na bei imefutika. Na ile mbinu ya mtandaoni ya karatasi ya alumini na maji ya moto yenye chumvi inafanya kazi, weusi unaondoka, lakini unaondoka mpaka kwenye mikunjo ya nguo na nywele, sura inabaki bapa kama sarafu ya juzi. Weusi ule ni salfa ya hewani imeshikana na fedha, yai pia linaufanya. Sabuni laini, maji ya uvuguvugu, kitambaa cha pamba. Uache weusi kwenye mashimo, ndio unaochora picha.

#26 Binti_Makorora

Kaka SonaraWaMbali shikamoo. Nipo Tanga, Makorora. Nimesoma uzi wote nikaenda moja kwa moja kabatini kwa bibi. Ana kijiko na uma alivyopewa na mwalimu wa Kimarekani miaka ya sitini, alikuwa anampikia. Nimegeuza mgongo kama ulivyosema. Imeandikwa 1847 ROGERS BROS. halafu pembeni IS. Kaka, 1847! Mama mdogo kashaanza kupiga hesabu ya bati za nyumba.

#27 SonaraWaMbali

Marahaba mdogo wangu. Mwambie mama mdogo akae kwanza anywe maji.

1847 si mwaka wa hicho kijiko. Ni mwaka ambao akina Rogers wa Hartford, Connecticut, walianza kuuza vyombo vya kuchovya fedha kwa umeme, na wakaufanya sehemu ya jina la biashara. Limepigwa hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka mia. Hiyo IS ni International Silver, kampuni iliyoundwa 1898 pale Meriden kwa kuunganisha viwanda vingi, kwa hiyo kijiko chenu ni cha karne iliyopita. Neno STERLING halipo, maana yake ndani ni metali nyingine na juu ni fedha nyembamba. Angalia nyuma ya bakuli, pale kinapogusa meza. Rangi imebadilika kidogo kuwa ya manjano?

#28 Binti_Makorora

Imebadilika 😭 Mama mdogo ameondoka bila kuaga.

Bibi nimemsomea yote, mpaka ya mchawi. Amesema kijiko hakikuwa cha kuuza tangu mwanzo, yeye anakorogea chai ya maziwa na kinatosha. Ila anauliza swali, na amesema nikuandikie kama lilivyo: vilikuwa vitatu, kisu alikichukua mjomba wako Salimu mwaka 1987 akasema anakwenda kukinoa. Uliko huko unaweza kumwona?

#29 SonaraWaMbali

Mwambie bibi shikamoo, huyo mjomba ni wa mtaa upi?

#30 Binti_Makorora

Anasema usijifanye humjui.